Fedha kidogo za kijiji: tulipe walimu wa kujitolea, tumalize nyumba ya mwalimu, au tusomeshe vijana wetu?

Mwenyekiti_Kamati (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi iliyoko kijijini, mbali na makao makuu ya wilaya kwa barabara ya vumbi ambayo masika hupitika kwa bodaboda tu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo kamati yetu imelijadili na kulirudia bila kufikia uamuzi.

Shule ina wanafunzi 612, kuanzia darasa la awali hadi la saba, na walimu sita, mwalimu mkuu akiwa mmojawapo. Kwa uwiano wa serikali wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, tulipaswa kuwa na walimu kumi na wanne. Darasa la kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja. Ubao wamegawiwa kwa mstari wa chaki, na mwalimu wao, ambaye ni mmoja, huwaandikia wa upande wa kushoto hesabu za kujumlisha, kisha huwageukia wa kulia kuwasomesha silabi. Akirudi kushoto hukuta nusu wameshamaliza na wanavutana madaftari, na nusu nyingine hawajaandika hata tarehe. Siku mwalimu huyo akiugua, kiranja wa darasa la sita ndiye anayeshika chaki.

Kinachotuumiza zaidi ni kwamba walimu huletwa. Katika miaka mitano iliyopita tumepokea walimu wapya watano, na kati yao amebaki mmoja. Wa kwanza aliolewa akahamia kwa mumewe. Wawili walibadilishana vituo na walimu wa mikoa mingine. Wa nne alikwenda masomoni na aliporudi akapangiwa shule ya mjini. Wote wanne bado ni walimu wa serikali na wanalipwa mshahara uleule, ila hawafundishi kwetu.

Msimu huu kijiji kimepata fedha kutokana na ushuru wa mazao, na mkutano mkuu umeridhia shilingi milioni tisa ziende shuleni. Upande mmoja wa kamati unataka tuwalipe vijana watatu wa kujitolea shilingi 150,000 kila mmoja kwa mwezi. Upande mwingine unataka tumalizie boma la nyumba ya walimu ya familia mbili, lililojengwa kwa nguvu za wananchi na kuishia kwenye lenta. Wazee wawili wana wazo la tatu: tuwasomeshe vijana wa hapahapa kijijini katika chuo cha ualimu kwa makubaliano kwamba watarudi kufundisha. Nawaomba wenye uzoefu mnieleze lipi kati ya haya linaweza kumfanya mwalimu abaki, na kama kuna njia ya kisheria ya kumfunga aliyesomeshwa na kijiji.

Mstaafu_wa_Chaki

Ndugu Mwenyekiti, naomba nianze na wazo la wazee wako, kwa sababu mimi mwenyewe ni zao la wazo hilo lilipotekelezwa kwa nchi nzima.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda ule, kwa hiyo serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa vijijini. Ndio hao mnaowasikia wakiitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mimi ni mmoja wao. Sehemu ya siku tulifundisha madarasa ya chini, sehemu iliyobaki tulikaa na mwalimu mwenye uzoefu aliyetusomesha masomo na mbinu za kufundisha. Tulikuwa na masomo ya redio na masomo kwa njia ya posta, na mwishoni tukapelekwa chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani.

Mpango ule hulaumiwa sana, na sehemu kubwa ya lawama ni ya haki. Kijana wa darasa la saba anayefundisha darasa la tano hana akiba ya maarifa. Anafundisha alichokisoma jana usiku, na mwanafunzi akiuliza swali lililo nje ya kitabu, somo linakwama. Wengi wetu tulitumia miaka mingi kujiendeleza ili tutoke daraja la chini tulilopewa, na watoto waliopita mikononi mwetu wakati ule hawakusubiri tuive. Lakini jambo moja husahaulika katika lawama hizo: hatukuhama. Tulikuwa na mashamba pale, wazazi wetu walikuwa pale, na mzazi aliyemficha mtoto ili achunge ng'ombe tulimjua kwa jina na tulijua boma lake. Mwalimu wa leo mwenye stashahada ananizidi kwa kila kitu darasani, ila mwaka wa pili tayari anauliza namna ya kuondoka.

Kosa la kupunguza maandalizi lilirudiwa baadaye, shule za kata zilipoongezeka kwa kasi kuanzia mwaka 2006. Vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha, na wananchi wakawabatiza jina la "vodafasta", kwa sababu huduma ya kuongeza salio kwenye simu ilikuwa imeingia kwa jina hilo. Sikupenda jina lile, maana liliwadhalilisha vijana ambao hawakujipeleka wenyewe, lakini kila aliyelisikia alielewa tatizo lilikuwa nini.

Kwa hiyo nikiulizwa, kumsomesha mtoto wa kijiji ni jambo jema endapo atapitia maandalizi kamili. Tatizo ni kwamba kuingia chuo cha ualimu kunahitaji ufaulu wa kidato cha nne wa daraja la kwanza hadi la tatu. Ninyi mna shule ambayo kiranja wa darasa la sita anafundisha la kwanza. Je, wangapi kutoka hapo wamefika daraja la tatu? Vijiji vinavyowahitaji zaidi walimu wa nyumbani ndivyo visivyo na wahitimu wanaofikia sifa, na mzunguko huo milioni tisa haziwezi kuukata kwa mwaka mmoja wala miwili.

Mhitimu_Asiye_na_Kituo

Shikamooni wakubwa zangu. Ninaandika kama mmoja wa hao vijana watatu wanaotajwa, ingawa si katika shule yenu. Nilihitimu shahada ya elimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, na tangu nihitimu nimekuwa nikijitolea katika shule ambazo sitazitaja.

Mwenyekiti, ukituajiri kwa shilingi 150,000 tutakuja, tena mtapata wengi wa kuchagua. Mwaka 2025 waombaji wa nafasi za ualimu walizidi laki mbili, na nafasi zilizotangazwa hazikufika 15,000. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema nchi haina walimu huwa ninashangaa kidogo. Walimu wapo, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanauza laini za simu, na mimi mwenyewe kuna mwaka nilipima mahindi kwenye mashine ya kusaga. Kinachokosekana ni nafasi zenye mshahara, na katika masomo ya sayansi na hisabati ndipo kwenye upungufu wa watu wenyewe.

Lakini naomba usituhesabu kama walimu waliobaki. Mwalimu wa kujitolea anaishi kwa kusikilizia tangazo la ajira. Likitoka, siku hiyo atakuwa kwenye foleni ya huduma za intaneti, akiitwa kwenye usaili atasafiri, na akipangiwa kituo ataondoka hata kama ni katikati ya muhula, hata kama amebakiza mada moja kabla ya mtihani wa darasa la nne. Nami ningefanya hivyo kesho. Kwa hesabu yako, vijana watatu watakula milioni tano na laki nne kwa mwaka, na milioni tisa zitakwisha mwezi wa ishirini. Baada ya hapo utarudi kwa wazazi kuomba michango, na unajua kwamba tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mchango wa mzazi ni wa hiari na mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa kutochangia. Nimewahi kufundisha miezi mitatu bila kulipwa kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Mkiamua kutuchukua hata hivyo, tupeni mkataba wa maandishi wenye mwanzo na mwisho, mtulipe kwa tarehe moja kila mwezi, na msitukabidhi darasa la kwanza peke yetu ati kwa kuwa ni watoto wadogo. Darasa la kwanza linahitaji aliyefundishwa kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na sisi wa shahada za sekondari hatukufundishwa hilo.

Afisa_Utumishi_Mstahiki

Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi katika idara ya utumishi ya halmashauri kwa muda mrefu, na naomba nijibu swali lako la kisheria kabla ya mengine, maana ndilo litakalokuokolea fedha.

Kijiji hakiwezi kumfunga mtu aliyemsomesha abaki katika shule fulani ya serikali. Mwalimu wa serikali huajiriwa kwa kibali kinachotolewa kitaifa. Usaili sasa unasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, upangaji wa vituo unapitia TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), na masuala ya kuthibitishwa kazini, kupandishwa daraja na nidhamu yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Kijana wenu anaweza kuhitimu vizuri, akashinda usaili, na akajikuta amepangiwa mkoa mwingine kabisa. Makubaliano yenu naye yatakuwa ya heshima tu.

Sasa nieleze jambo ambalo wananchi wengi hawalioni. Mwalimu akiomba mwenyewe kuhama, halmashauri haimlipi chochote. Mwajiri akimhamisha mwalimu kwa uamuzi wake, ni lazima alipe posho ya usumbufu, nauli yake na ya familia, na gharama za kusafirisha mizigo. Tazama matokeo yake. Mwalimu anayetoka kijijini kuja mjini huondoka kwa maombi yake, bure. Kumtoa mwalimu wa ziada mjini na kumpeleka kijijini ni uamuzi wa mwajiri, na unagharimu. Mkurugenzi ambaye tayari ana madeni ya uhamisho ya walimu, na anayekumbushwa madeni hayo katika kila kikao, atasita kusaini barua nyingine ishirini. Ndiyo maana agizo la kufanya msawazo wa walimu kati ya shule hutolewa kila mwaka na utekelezaji wake husuasua. Hakuna mtu aliyekaa akapanga vijiji vikose walimu; taratibu za malipo zenyewe ndizo zinazowasukuma kuelekea upande mmoja, kama maji ya mvua yanavyofuata mteremko.

Jambo la pili linahusu wale wawili waliobadilishana vituo. Uhamisho wa kubadilishana hufanywa kwa msingi kwamba halmashauri isipungukiwe: anayetoka anaacha nafasi kwa anayeingia, na maombi siku hizi hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Kwa hiyo walipoondoka wale wawili, walimu wawili waliingia katika wilaya yenu. Waliingia wilayani, hawakuingia shuleni kwenu. Mara nyingi anayeingia huripoti makao makuu, hueleza kwamba ana mtoto mgonjwa au mume anayefanya kazi mjini, na hupangiwa shule iliyo karibu na barabara kuu. Katika takwimu za wilaya hakuna kilichopungua. Kamati yako ina haki ya kumwandikia Mkurugenzi, kupitia kwa afisa elimu kata na mwalimu mkuu, ikiomba kwamba anayekuja kwa kubadilishana aripoti katika shule ileile aliyotoka mwenzake. Andikeni kabla barua ya uhamisho haijatoka, si baada ya hapo, na nakala mpeni diwani wenu aiulizie katika kikao cha baraza. Kuomba orodha ya walimu kwa kila shule ya wilaya pia si kosa. Wastani wa wilaya unaweza kuonekana mzuri huku shule moja ya mjini ikiwa na walimu thelathini.

Kuhusu ipi kati ya njia zenu tatu, mimi nipo upande wa nyumba, kwa sababu ni mali ambayo haihami.

Mwalimu_wa_Kaskazini (Kenya)

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwalimu katika kaunti mojawapo ya kaskazini mwa Kenya, na ningependa kuchangia kwa kifupi kwa sababu tumejaribu baadhi ya mambo mnayoyazungumzia.

Kwetu kuna marupurupu ya mazingira magumu, na kwa kweli yanasaidia. Hata hivyo, baada ya shambulio la basi karibu na Mandera mwezi Novemba 2014, ambapo walimu walikuwa miongoni mwa waliouawa, mamia ya walimu wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki, na mwaka 2020 Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa wengine wengi baada ya mashambulio mapya. Madarasa yalibaki na walimu wa huko nyumbani na wale waliolipwa na bodi za shule. Hapo ndipo tulipoona tofauti kati ya anayekaa kwa ajili ya malipo na anayekaa kwa sababu ni kwao. Kinyume chake, sera ya mwaka 2018 ya kuwatoa walimu katika kaunti zao za nyumbani iliwatenganisha wengi na familia zao, na ililalamikiwa mpaka ikaachwa mwaka 2022. Mwalimu aliyetenganishwa na mumewe kwa kilomita mia tano hufundisha akiwa na fomu ya uhamisho mfukoni.

Kuhusu kujitolea, jihadharini. Serikali yetu iliwachukua maelfu ya walimu waliohitimu kama wanagenzi ili kujaza nafasi za sekondari msingi, kwa malipo madogo, na mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba kumpa mwalimu aliyehitimu kazi kamili kwa jina la unagenzi ni kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata walimu hao walikuwa barabarani, na madarasa yakakaa bila mtu.

Nchi ya Gambia ilifanya vizuri zaidi katika jambo la posho: mwalimu wa shule iliyo mbali na barabara kuu aliongezewa asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi, kadiri ya umbali, na hivyo ikawa vigumu kwa shule ya mjini kujiita ya mazingira magumu. Lakini hilo ni la serikali kuu. Kijiji kinaweza kuhakikisha kuna maji, mlango unaofungika, na jirani anayemletea mwalimu mgeni maziwa siku ya kwanza. Msidharau hilo la mwisho.

Mkufunzi_Chuo

Nawashukuru wachangiaji waliotangulia, hasa Afisa Utumishi. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu, na naona mjadala umegusa kuajiri na kubakiza, lakini umeruka namna tunavyowaandaa walimu hawa kabla hawajafika kwenu.

Mwanachuo wetu hufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ambazo mkufunzi anaweza kuzifikia kwa gari la chuo na kurudi siku hiyohiyo. Shule hizo ni za mjini au kandokando ya lami. Huko anakuta darasa lenye wanafunzi hamsini, mwalimu mlezi anayekaa nyuma na kumsahihisha, na vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vya kutosha kila dawati. Akihitimu anapangiwa shule kama yenu, anapewa wanafunzi 120 wa madarasa mawili katika chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kugawa ubao, namna ya kuwapa wa kushoto kazi itakayowatosha dakika ishirini, au namna ya kuwatumia wanafunzi wanaojua kuwasaidia wasiojua. Mwezi wa kwanza anafikiri ameshindwa kazi. Wengi wanaoomba uhamisho mapema hawaukimbii umaskini wa kijiji peke yake. Wanakimbia pia kushindwa huko kwa kila siku mbele ya watoto. Serikali ina mpango wa MEWAKA, ambao unataka walimu wa shule moja wakutane na kujifunza pamoja wakiwa kazini, na ni mpango mzuri, lakini katika shule ya walimu sita wenye vipindi kutwa nzima kikao hicho hugeuka kuwa sahihi kwenye daftari la mahudhurio.

Upande wa kuzalisha walimu hatujawa na msimamo thabiti. Mwaka 2005 vilianzishwa DUCE, Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa, kama vyuo vikuu vishiriki vya elimu ili kuongeza walimu wa sekondari, na hilo lilizaa matunda, ingawa matunda mengi yaliangukia masomo ya sanaa. Baadaye ukaja mpango wa stashahada maalumu ya walimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa mpango huo wakarudishwa nyumbani, na baadhi yao wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Mwaka 2017 na 2018 walimu wa sanaa waliozidi sekondari wakashushwa shule za msingi bila maandalizi ya kutosha ya kufundisha watoto wadogo. Kila mara tunapopata upungufu mahali, tunauziba kwa watu walioandaliwa kwa kazi nyingine.

Na mzigo mkubwa zaidi unakuja. Kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba, na makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Walimu watakaowapokea wanatakiwa wawe vyuoni sasa hivi. Halmashauri zitatafuta walimu wa sekondari kila kona, na nina hofu kwamba shule za msingi za pembezoni ndizo zitakazonyofolewa wale wenye shahada.

Ushauri wangu kwa kamati ni huu. Mkimaliza nyumba, andikieni chuo cha ualimu kilicho karibu mwombe wanachuo wawili au watatu wafanye mazoezi yao kwenu, na muwape chumba kimoja cha nyumba hiyo kwa majuma hayo. Kikwazo chetu cha kuwaleta vijijini ni malazi. Wataonja kazi halisi wakiwa bado na mkufunzi wa kumuuliza, ninyi mtapata mikono ya ziada, na siku mmoja wao akipangiwa wilaya yenu hatashtuka akisikia jina la kijiji.

Mwenyekiti_Kamati

Nimesoma yote, na nimeyasoma kwa sauti mbele ya wajumbe wanne waliofika kwangu jioni. Suala la kubadilishana vituo liliwaudhi sana, kwa sababu hatukuwahi kujua kwamba kuna walimu wawili walioingia wilayani kwa nafasi zetu. Barua itaandikwa wiki hii. Diwani ameahidi kuichukua mwenyewe.

Kuhusu fedha tumeelekea kwenye nyumba. Fundi amekadiria kwamba kupaua, kupiga plasta, kuweka milango, madirisha na tangi la maji ya mvua kutachukua karibu milioni saba na nusu endapo mchanga na mawe tutavibeba wenyewe. Kinachobaki hakitoshi vijana watatu, ila kinaweza kumlipa mmoja kwa mkataba wa miezi kumi, na tutatafuta mwenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi, kama alivyoshauri kijana wetu.

Limebaki jambo moja linaloweza kutugawanya. Nyumba ni ya familia mbili, walimu ni sita. Mwalimu mkuu anatarajia upande mmoja uwe wake kwa cheo, na mwalimu wa muda mrefu, ambaye amepanga chumba kwa miaka mingi, anaona upande wa pili ni haki yake. Tukifanya hivyo, mwalimu mpya atakayekuja Julai atalala wapi?

Afisa_Utumishi_Mstahiki

Amueni kabla bati halijapigwa, kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa na kamati, serikali ya kijiji na mwalimu mkuu mwenyewe, kwamba upande mmoja ni wa mwalimu mgeni kwa miaka yake mitatu ya mwanzo na kwamba baada ya hapo atampisha anayefuata. Mwalimu mkuu analipwa posho ya madaraka kila mwezi. Mpya hana kitu mpaka mshahara wa kwanza uingie, na wakati mwingine huchelewa. Upande wa pili mpeni mwalimu wenu wa muda mrefu.

Mstaafu_wa_Chaki

Naunga mkono, ila mwalimu mkuu asisikie habari hizi kwenye mkutano wa hadhara. Mfuateni nyumbani, wajumbe wawili wenye umri, mzungumze naye kwanza. Na chumba cha wanachuo kitoke upande wa huyo mgeni, maana atahitaji wenzake wa kuongea nao jioni.